Kila neno lina mwenyewe



Katika jamaa nyingi za watu wa karieri kuna mtoto mmoja ambaye jamaa yote inamubeba mpaka iniversite. Baba anachimba zahabu kule Manguredjipa, mama anauza viazi na puaro sokoni Masereka, kaka yake anaendesha pikipiki ya kubeba watu. Makuta inatoka katika mikono mitatu na inaingia katika mfuko mmoja. Kisha miaka ya masomo, mtoto anawaambia wazazi: "Imebaki kazi ya mwisho tu." Wengine wanaiita TFC, wengine memwari. Wazazi wanafurahi, na baba anaanza kutazama mbuzi gani atachinjwa.

Lakini mwezi unapita, na mwingine tena. Mtoto bado hajasimama mbele ya waprofesa. Anaomba franga za mega, franga za kushuka Butembo, franga za kutosha karatasi kwa mashine. Wazazi wanaulizana usiku: huyu mtoto anasoma kweli, ao anatuchezea?

Mara nyingi hachezi. Anatafuta referansi, maana yake kuonyesha kila neno aliloandika limetoka kwa nani, katika kitabu gani ao makala gani, mwaka gani, ukurasa gani. Wazazi wengi hawajasikia neno hilo. Wanafunzi wengi wanalisikia, lakini wanalichukua kama usumbufu wa waprofesa. Mimi nilifundisha miaka mingi, na sasa wanafunzi wa kwetu wanakuja kwangu wakati wa likizo na makaratasi yao. Ninaona jambo hilo ni la haki kabla ya kuwa la shule. Nitalieleza kwa habari iliyopita nyumbani kwetu.

Nani alihesabu?

Mtoto wa dada yangu anasoma mambo ya afya. Kwa kazi yake ya mwisho alichagua kuuliza ginsi watu wa Masereka walivyoipokea chanjo ya Ebola. Hakuna asiyekumbuka ugonjwa ule. Serikali iliutangaza tarehe 1 Agosti 2018, na mwisho wake ukatangazwa tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa walihesabiwa 3,470, na waliokufa 2,287. Zoni yetu ya afya ya Masereka nayo ilifikiwa.

Katika ukurasa wake wa kwanza, binti aliandika kwamba watu 25 kwa 100 wa Beni-Lubero hawakuamini kama Ebola iko kweli. Profesa anayemuongoza aliandika pembeni kwa biki nyekundu maneno mawili tu: "Nani alihesabu?"

Binti alifika kwangu na hasira. "Mujomba, kila mutu anajua vile. Hata ku radio walisema. Na ile hesabu niliikuta mu memwari ya mwenzetu mumoja, yeye profesa alimukubalia."

Nikamuuliza: "Na mwenzako aliitosha wapi?"

"Mu rapoti fulani."

"Na rapoti?"

Akanyamaza. Basi tukaenda kuitafuta ile hesabu, sawa mtu anayepanda mto kutafuta chemchemi. Rapoti ilisema tu "kadiri ya uchunguzi mmoja". Uchunguzi wa nani, haikusema. Binti akafungua Google Scholar katika telefone, mashine ya kutafuta makala za kisayansi iliyoanza mwaka 2004. Akaandika Ebola, Beni, Butembo, na mwaka. Mtandao wa kwetu ulimkawiza, alipanda mpaka juu ya kilima ili upatikane. Lakini siku ile ile akaipata.

Makala hiyo ilitoka katika revi ya waganga inayoitwa The Lancet Infectious Diseases, mwaka 2019, buku la 19, namba 5, ukurasa 529 mpaka 536. Waliiandika watu watano: Patrick Vinck, Phuong Pham, Kenedy Bindu, Juliet Bedford na Eric Nilles. Kenedy Bindu ni wa iniversite ULPGL ya Goma. Waliuliza watu wazima 961, mwezi wa Septemba 2018, katika miji ya Beni na Butembo. Na kweli, 25.5 kwa 100 walijibu kwamba hawaamini kama Ebola iko.

Binti akaruka kwa furaha: "Njo hii! Sasa profesa atanyamaza."

Nikamwambia: "Mama, soma tena pole pole. Waliuliza wapi?"

Akasoma. Beni na Butembo. Masereka haimo. Lubero haimo. Tena waliuliza Septemba 2018, wakati ugonjwa ulikuwa na mwezi mmoja tu, watu wengi bado hawajaona mgonjwa kwa macho. Kisha hapo watu walizika, walichanjwa, walibadilika mawazo kwenda mbele ao kurudi nyuma. Hesabu ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa hesabu yetu. Ilipotembea kutoka mdomo hata mdomo iliacha njiani miji yake, mwezi wake na wenyewe walioihesabu, ikafika kwetu ikiwa sauti tupu inayosema: watu wa huku ni wabishi, hawaamini. Na binti wetu mwenyewe alikuwa karibu kuwatwika baba zake na mama zake wa Masereka neno ambalo hakuna mtu aliyewauliza.

Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema: "Kumbe watu wa kwetu hakuna aliyewahesabu mu ile makala."

"Basi," nikamjibu, "uende uwaulize wewe."

Kazi yake ilipata njia siku ile. Maneno mawili ya biki nyekundu yalimpa swali ambalo lilikuwa lake kweli.

Neno lisilo na mwenyewe

Sisi wa pande hizi tunajua kuliko wengine madhara ya neno lisilo na mwenyewe. Katika miaka ile ya 2018 na 2019, maneno yalitembea usiku na mchana. Eti ugonjwa uliletwa ili watu wapate feza. Eti anayeingia kituo cha wagonjwa hatoki. Eti chanjo ndiyo inayoua. Ukiuliza nani amesema, jibu ni lile lile: wanasema. "Wanasema" hana nyumba, hana kijiji, huwezi kwenda kumugongea mlango na kumuuliza umeona wapi.

Mwezi wa Februari 2019 vituo vya kutunza wagonjwa vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya la Dunia, aliuawa kwa risasi Butembo akiwa kazini. Sababu za mambo hayo zilikuwa nyingi: vita ya miaka mingi, uchungu wa uchaguzi uliosogezwa mbele kwa watu wa Beni na Butembo, feza nyingi za riposti ambazo raia aliziona zikipita bila kumfikia. Mtu asidanganye kwamba uvumi peke yake ulifanya yote. Lakini uvumi ulichochea moto, na waliobaki bila matunzo walikuwa wagonjwa wetu.

Ndiyo sababu ninasema referansi ni jambo la haki. Kuandika jina la mwenye neno, mwaka wake na ukurasa wake, ni kumwambia msomaji: usiniamini mimi tu, njia ni hii, nenda ukaone mwenyewe. Neno lenye mwenyewe linaweza kuulizwa. Likiwa baya litasahihishwa, na likiwa zuri litajengewa juu yake. Neno lisilo na mwenyewe haliwezi kusahihishwa, linaweza tu kuenea.

Mwinjili Luka alijua hilo. Mwanzoni mwa Injili yake anaeleza kwamba alichunguza mambo kwa uangalifu tangu mwanzo, kadiri ya wale walioyaona kwa macho yao, ndipo akaandika kwa utaratibu. Hakutosheka na "wanasema".

Etiketi ya mfuko

Wachimbaji wanaosoma gazeti hili watanielewa upesi. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria inayoitwa Dodd-Frank, na kisha hapo kampuni za ng'ambo zilianza kuuliza madini yetu yametoka wapi. Ndipo mifuko ya kasiterite na koltan ilianza kufungwa etiketi yenye namba, inayoonyesha karieri ilikotoka. Mfuko usio na etiketi, mnunuzi wa haki anapashwa kuukataa, hata kama madini yaliyomo ni mazuri.

Referansi ndiyo etiketi ya neno. Na sawa vile kwa madini, kuna etiketi za uongo. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika zaidi ya mara moja kwamba etiketi nyingine zinauzwa na kufungwa kwenye mifuko iliyotoka karieri nyingine. Wanafunzi nao wanajua mchezo huo. Mmoja hajafungua makala hata siku moja, lakini aliona jina lake katika memwari ya mwingine, basi analinakili chini ya ukurasa wake kana kwamba aliisoma. Mfuko una etiketi, lakini etiketi si yake.

Kama hukuona makala yenyewe, sema kweli: andika jina la mwenye neno, halafu uongeze kwamba umelikuta kwa fulani aliyelitaja. Hakuna haya ndani yake. Haya ni kujifanya umeona usichoona.

Wapi pa kutafuta

Sasa niseme kwa mwanafunzi aliye mbali na mji. Mimi ni mzee wa shule, lakini vijana walinionyesha, na mambo haya nimeyaona kwa macho.

Kwanza, anza karibu. Iniversite Katolika ya Graben, ile ambayo Askofu Emmanuel Kataliko alianzisha Butembo mwaka 1989, ina maktaba, na ina revi yake, Parcours et Initiatives. Memwari za wanafunzi waliokutangulia zisome pia, lakini uzitumie sawa mtu anayekuonyesha njia, si sawa mwisho wa safari. Angalia wao walitosha wapi maneno yao, halafu uende kule.

Pili, revi za Afrika. Tangu mwaka 1998 kuna mahali kwenye intaneti panapoitwa AJOL, panaongozwa kutoka Afrika ya Kusini, na hapo kuna revi nyingi zilizoandikwa na waafrika juu ya mambo ya Afrika. Huko utakuta mtu wa Kampala ao wa Nairobi aliyeuliza swali lako katika kijiji kinachofanana na chako.

Tatu, Kifaransa. Wanafunzi wengi wanaogopa kwa sababu makala nyingi ni za Kiingereza. Lakini Persée, HAL na Cairn ni mapango ya makala za Kifaransa, na nyingi zinasomwa bure. Na kwa Kiingereza usikate tamaa. Karibu kila makala ina muhtasari wa maneno machache mwanzoni, na muhtasari kwa kawaida haulipishwi. Soma huo kwanza, na kamusi pembeni, ujue kama makala inakufaa kabla ya kumaliza mega zako.

Ine, makala zinazolipishwa. Hapa watu wengi wanarudi nyuma bila kujua kwamba kuna mlango. Tangu mwaka 2002 Shirika la Afya la Dunia pamoja na wachapaji waliweka mpango unaoitwa Hinari kwa makala za afya. Baadaye mipango mingine ya kilimo, ya mazingira na ya sheria iliunganishwa nao chini ya jina moja, Research4Life. Nchi yetu imo katika kundi la nchi ambazo hazilipi. Lakini anayeandikishwa ni chuo, ao hospitali, ao maktaba yake, si mtu mmoja mmoja. Basi muulize mtunza maktaba wa chuo chako: tumeandikishwa? Kama bado, wanafunzi wote waombe pamoja. Tena, chini ya ukurasa wa kwanza wa makala kuna anwani ya mwandishi. Mwandikie kwa adabu, jitambulishe, mwambie unatafuta nini. Wengi wanafurahi kumtumia mwanafunzi makala yao bila kuomba kitu.

Tano, makala ikipatikana, iweke katika telefone ili uisome bila mtandao. Na siku ile ile, katika daftari moja, andika vitu hivi: majina ya waandishi, mwaka, kichwa cha makala, jina la revi, buku, namba, ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Usiseme nitaandika kesho. Kesho hutajua tena ulisoma wapi, na utaanza kupanda mto upya.

Makala nyingi za siku hizi zina pia namba inayoitwa DOI, inayoanza na 10 na nukta. Hiyo ni sawa namba ya kitambulisho. Gazeti linaweza kuhama anwani kwenye intaneti, lakini kwa namba hiyo makala inapatikana tena. Ukitia namba nayo haifikishi popote, simama uchunguze, pengine makala hiyo haipo duniani.

Majina yaliyosahauliwa

Kuna sababu nyingine, na hiyo inatugusa sisi watu wa Kongo.

Mwaka 1976, ugonjwa usiojulikana ulipozuka Yambuku, serikali ilimtuma daktari wetu Jean-Jacques Muyembe. Aligusa wagonjwa na kuwatosha damu bila hata glavu. Alimpeleka mtawa mmoja mgonjwa Kinshasa, na damu ya mtawa huyo ikatumwa Antwerp, Ubelgiji, ambapo kijana Peter Piot alikuwa katika kikundi kilichoipokea. Kwa miaka mingi, dunia ilipohadisiwa namna Ebola ilivyogunduliwa, jina la Piot lilisikika sana, na la Muyembe kidogo sana. Piot mwenyewe baadaye alikubali kwamba kazi ya Muyembe haikupewa nafasi yake. Mtu alikwenda mahali pa kifo, na jina lake likabaki mlangoni.

Sasa tazameni makala nyingine, iliyotoka Desemba 2019 katika The New England Journal of Medicine, buku la 381, kuanzia ukurasa 2293. Inaeleza ginsi dawa nne za Ebola zilivyojaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, kuanzia Novemba 2018 mpaka Agosti 2019. Jina la kwanza kati ya waandishi ni la mkongomani, daktari Sabue Mulangu. Wagonjwa 681 waliingizwa katika uchunguzi huo. Kati ya watu 169 waliohesabiwa kwa dawa ZMapp, walikufa 84. Kati ya 174 waliopewa mAb114, walikufa 61. Kati ya 155 waliopewa REGN-EB3, walikufa 52. Kwa njia hiyo ulimwengu ulijua dawa mbili zinazosaidia kweli. Na ile mAb114 asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995.

Watu hao 681 hawakutajwa majina, na ni vizuri, kwa sababu mgonjwa ana siri yake. Lakini sisi tunajua ni akina nani: ni jirani zetu, ni wale tuliokatazwa kuwagusa siku ya kuwazika. Mwanafunzi anayechukua hesabu hizo na kuziandika ovyo, bila kusema zimetoka wapi, ao anayegeuza 61 kuwa 16 kwa haraka, anachezea makaburi. Nilimwambia binti hivyo, na nikamuona anarudia kuhesabu mistari yake kwa kidole.

Haki hiyo ni pia kwa wazee wetu wasioandika. Mwaka 1981 mwanahistoria wa Marekani, Randall Packard, alitoa kitabu juu ya utawala wa Bashu, watu wa milima yetu hii, na sehemu kubwa ya aliyojua ilitoka katika midomo ya wazee. Basi mwanafunzi wa kwetu akiketi na mama mzee wa Masereka na kuambiwa namna walivyoishi siku za chanjo, aandike: mazungumzo na nani, wapi, tarehe gani. Kama mama hataki jina lake lionekane, aandike "mama mmoja wa Masereka" na tarehe. Lakini asichukue maneno yake na kuyafanya yake. Amri ya saba inayotukataza kuiba haisemi juu ya mbuzi na kuku tu.

Njia ya mkato

Shemeji yangu, baba wa huyu binti, alinipigia simu kutoka karieri. Alisikia kwamba mjini kuna watu wanaoandika memwari nzima kwa feza, na mtu anabaki kuweka jina lake tu.

"Shemeji," akasema, "mimi niko mu shimo tangu asubuyi. Kama makuta inaweza kumaliza hii maneno, tulipe tu, mutoto amalize."

Sikumkasirikia. Mtu anayeingia chini ya ardhi kwa ajili ya mtoto wake hana haja ya kufundishwa upendo. Nikamuuliza tu: "Shemeji, ukinunua zahabu, unaingojea iletwe mfukoni imefungwa, ao unaipima kwanza?"

Akacheka. "Naipima, ile ya shaba iko mingi."

"Basi huyo mtoto kesho atakuwa mupimaji wa afya za watu. Tukimununulia kazi hii, siku watamuletea dawa ya uongo ataijua namna gani?"

Akakaa kimya, nikasikia mvua inapiga maturubai kule kwake. Akajibu: "Ni vile. Aendelee. Nitatuma za mega mwisho wa juma."

Na siku hizi kuna njia ya mkato nyingine, isiyoomba hata dola: programu za akili bandia zinazojibu kila swali. Zinaweza kusaidia mtu kuelewa neno la Kiingereza ao kupanga mawazo yake. Lakini ukiziomba referansi, mara nyingine zinatunga: jina la mwandishi linafanana na la kweli, revi iko, mwaka uko, lakini makala haijaandikwa na mtu yeyote. Mwaka 2023, huko New York, mawakili walipeleka mbele ya hakimu kesi zilizotungwa na programu ya namna hiyo, wakatozwa dola 5,000. Kama wakili wa New York aliumbuka, mwanafunzi wa Masereka ataponea wapi? Kanuni ni moja: usiandike referansi ambayo wewe mwenyewe hukuifungua.

Jihadharini pia na revi zinazokuandikia kwanza, zikikusifu na kukuahidi kuchapa makala yako kwa siku chache, mradi ulipe. Revi ya kweli inawapa wajuzi wengine wasome kazi yako kabla ya kuichapa, nao wanairudisha na maswali. Kazi inayopita bila mtu kuuliza kitu, haikusomwa.

Kwa wazazi

Wazazi wapendwa, hamuna lazima ya kujua Kifaransa wala Kiingereza ili kumusaidia mtoto wenu. Siku atakapokuja na makaratasi yake, mketishe karibu na moto, umwambie akusomee ukurasa mmoja kwa Kiswahili ao kwa Kinande. Akifika kwenye hesabu, muulize: "Nani alihesabu?" Akifika kwenye neno kubwa, muulize: "Nani alisema, na yeye alijua namna gani?" Akijibu vizuri, feza zenu zinafanya kazi. Akijibu "wanasema", mrudishe mezani.

Na msione mega na safari za Butembo kuwa ni hasara. Mnapolipia hizo, mnamulipia mtoto njia ya kufika kwenye chemchemi. Nyumbani mwetu maswali hayo yametuingia hata katika mambo mengine. Juzi jirani alileta habari ya kutisha juu ya watu wa kijiji cha ng'ambo ya mto, ya kuweza kuwasha ugomvi. Mama mzee wa nyumba, ambaye hakukaa hata mwaka mmoja darasani, alimpa kiti, akampa chai, halafu akamuuliza: "Na wewe, nani alikuambia?" Jirani alianza kutaja majina, yakaisha kabla chai haijaisha.

Binti wetu yeye anapita sasa nyumba kwa nyumba na daftari lake, kutoka mlima hata mlima, anauliza watu wa Masereka swali ambalo makala ile haikuwauliza. Wengine wanamujibu kwa uchungu, wengine wanamfungia mlango, na mlango uliofungwa nao anauandika. Kila jioni kabla ya kulala anaandika tarehe na mahali. Siku moja mwanafunzi mwingine, pengine wa Goma ao wa Kinshasa, atataka kujua tuliwaza nini katika miaka ile. Ataikuta kazi hiyo, na chini ya ukurasa wake ataandika jina la binti wa mchimbaji.